Mkongo Si Kamba ya Kuruka

Kila siku baada ya shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia zahanati ambako mama yake alifanya kazi ya kupiga picha za eksirei, akakaa kwenye benchi la korido na kufanya kazi zake za shule mpaka mama amalize zamu. Jina la Chiriku alipewa na wauguzi, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliwauliza wagonjwa walikoangukia, alimsimulia mfagiaji ndoto zake, na asipopata mtu wa kuzungumza naye, alisoma kwa sauti mabango yote ya ukutani, kuanzia la kunawa mikono hadi la kukataza kutema mate.

Zahanati hiyo ilikuwa tawi dogo la hospitali kubwa iliyokuwa upande wa pili wa mji. Daktari wa kusoma picha alikaa huko hospitalini. Mama akishapiga picha ya mfupa au kifua, huituma kwa mtandao, daktari akaisoma na kurudisha majibu. Shida ilikuwa njia yenyewe. Ilikuwa nyembamba, na picha za eksirei ni nzito. Zilikwenda mwendo wa konokono, na zikiwa nyingi zilisongamana kama watu mlangoni. Wagonjwa walisinzia kwenye benchi wakisubiri majibu.

Ndipo hospitali ikaamua kuunganisha matawi yake kwa mkongo, yaani waya wenye nyuzi za kioo ndani, nyembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga. Fundi aliyeletwa alikuwa kijana mpole, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango. Watoto wakamwita Kaka Mlingoti. Alichimba mtaro kutoka barabarani hadi kwenye ukuta wa zahanati, akaulaza mkongo, na sehemu iliyozidi akaiviringa vizuri kando ya geti bila kuikata.

"Njia ya zamani ni kichochoro," alimweleza Chiriku huku akifuta udongo mikononi. "Hii ni barabara pana. Picha zitapita bila kupigana vikumbo."

"Na zikikutana na majibu yanayorudi?"

"Zitasalimiana tu, kila moja ishike njia yake."

Jioni hiyo Kaka Mlingoti alikuwa ndani akifunga vifaa ukutani. Rafiki yake Chiriku, aliyeitwa Mapengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, alikuja akauona ule mkongo ulioviringwa.

"Hii ndiyo kamba ya kuruka," alisema.

Chiriku alisita, lakini mchezo ulimwita. Wakaufungua, wakafunga fundo kwenye nguzo ya geti, mmoja akazungusha na mwingine akaruka. Walicheza hadi wakatoka jasho. Wakati wa kufungua, fundo likagoma. Chiriku akauvuta mkongo kwa nguvu, akasikia kitu kikilia ndani, ka! Alikagua ganda la nje. Halikuwa na hata mkwaruzo. Wakauviringa kama walivyoukuta.

Kesho yake Chiriku alipofika kutoka shuleni, mtaro ulikuwa umefukiwa nusu, na Kaka Mlingoti alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku cha ukutani. Taa yake ilikuwa nyekundu. Njia ya zamani ilikuwa imekwisha kuondolewa asubuhi, na mpya haikupitisha kitu. Fundi alifungua, akafunga, akafungua tena. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ya msimamizi wake, naye alisema kwa sauti kubwa hata Chiriku akasikia: kama kazi imemshinda, aseme aletwe mwingine.

"Sijui nimekosea wapi, mkuu," fundi alijibu taratibu. "Nipe muda kidogo."

Kwenye benchi alikuwapo bibi mmoja aliyeteleza akishuka ngazi. Mguu wake ulikuwa umevimba, na kila alipoguswa alifumba macho na kuuma midomo. Picha ilikwisha kupigwa, lakini ingepitia wapi?

"Pole, mama," mama yake Chiriku alimwambia. "Itabidi gari likupeleke hospitali kubwa. Barabara ina mashimo, lakini tutakwenda polepole."

"Mashimo tena, mwanangu," bibi alinong'ona. "Na mguu huu?"

Chiriku alitoka nje kama aliyekosa hewa. Mapengo alikuwa akimsubiri getini.

"Tukinyamaza, nani atajua?" Mapengo aliuliza kwa sauti ya chini. "Ganda ni zima."

Chiriku alimpa mgongo. Alirudi ndani, akakaa, akafungua daftari bila kuandika. Mama alipita, akasimama.

"Mbona kimya leo? Umemeza ulimi?"

Machozi yakamtangulia. Kisha akapiga moyo konde na kusema yote, kuanzia fundo hadi ule mlio, mbele ya mama, fundi na bibi. Hakumtaja Mapengo, alisema "mimi" tu.

Kaka Mlingoti alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Tangu asubuhi natafuta humu ndani," alisema. "Nionyeshe ulipofunga."

Pale pale getini aliukata mkongo, akaondoa kipande kilichoharibika, akaziunganisha nyuzi upya kwa mashine ndogo inayoyeyusha kioo. Aliporudi ndani, taa ilikuwa ya kijani. Picha ya bibi ilifika hospitalini hata mama hajakaa vizuri kitini, na majibu hayakukawia: mfupa ulikuwa na ufa tu, afungwe plasta hapo hapo. Dereva akaambiwa azime gari.

"Naomba nizungumze na mkuu wako," Chiriku alimwambia fundi.

Alipewa simu. Alieleza kwamba kosa lilikuwa lake, si la fundi. Huku nyuma, Mapengo aliingia kwa aibu na kusimama kando yake. "Na mimi," alisema. Wote wawili walikubaliana kuja Jumamosi kusaidia kufukia mtaro.

Walipokuwa wakienda nyumbani, mama alimshika Chiriku mkono.

"Mgonjwa akiumwa kifua akaniambia ni goti, nitapiga picha ya goti. Picha itatoka safi, daktari ataisoma vizuri, na maradhi yataendelea kumla. Sisi sote hapo hatuwezi kumtibu mtu asiyesema panapouma. Umechelewa kusema, na bibi wa watu ameumia bure mchana kutwa. Hilo ulikumbuke. Lakini umesema mwenyewe, bila kuulizwa, na ndiyo maana leo atalala mguu ukiwa umefungwa na kijana wa watu hakupoteza kazi yake. Kosa likisemwa, fundi hujua pa kuanzia."

"Ndiyo, mama," Chiriku aliitika, na safari hii hakuongeza neno.