Sketi Iliyokuwa Ikibana

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mimi humshonea vifungo. Tunashinda chumba cha mbele tukitaniana.

Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Kisha akapewa dawa kwa dripu mara sita. Alipomaliza, alijishonea sketi ya buluu. Ilimkaa vizuri sana.

Asubuhi moja sketi ilimbana. Akaachia mshono ili ipanuke. Baada ya wiki, ikambana tena; akaachia mara ya pili.

"Umeifua kwa maji ya moto?" nikauliza.

"Sijaifua. Nani anaipunguza?"

Akalivika sanamu la kupimia nguo, lenye vipimo vyake vya zamani. Sketi ikapwaya. Basi si sketi iliyopungua.

Akajipima kiunoni. Inchi mbili zimezidi. Akachukua utepe mwingine. Inchi mbili zilezile. Lakini mashavu yake yalikuwa yamebonyea, na chakula vijiko vitatu tu, ameshiba.

"Unanenepa tumbo peke yake," nikamtania. Hatukucheka.

"Usimwambie kaka yako. Mimi nilishapona."

Akaachia mshono mara ya tatu. Matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, mistari mitatu. Niliogopa kuitazama.

Jirani yetu muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Akaiona mistari.

"Hii ni ya nini?"

Wifi akainamia cherehani. Nikasema mimi: "Kaiachia mara tatu, na kula hali."

Muuguzi akaketi. "Dada, tumbo linajaa? Unakojoa mara kwa mara?"

"Ndiyo. Miadi yangu ni baada ya miezi miwili."

"Usiisubiri. Inaweza kuwa kitu kingine. Lakini saratani hii huweza kurudi hata baada ya upasuaji na dawa. Si kosa lako. Nenda kesho."

"Wakisema imerudi?"

"Kuachia mshono hakuiondoi. Ikijulikana, kuna matibabu."

Usiku huo wifi akamwambia kaka mwenyewe; kesho yake tukaenda naye hospitali. Wakapima damu, wakapiga picha ya tumbo. Ilikuwa imerudi.

"Huenda tusiimalize," daktari alisema, "lakini tunaweza kuizuia na kukupa nafuu."

Wakatoa maji yaliyokuwa yamejaa tumboni. Dawa zikaanza upya.

Sasa anakula. Kila badiliko la mwili analiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wake mwenyewe, na hospitali anawaambia.

Jana aliipunguza sketi. Sindano ilipita juu ya mstari wa kwanza wa matundu.

"Lete kifungo, mvivu we," akasema.

Nilikishona huku nalia.