Miche Chini ya Kitanda

Mvua ya mwaka wa sitini na mbili haikuwa na adabu. Ilikuja kabla ya wakati wake na ikakataa kuondoka. Kule chini, ziwa lilipanda likameza mashamba ya watu. Huku juu, karibu na Rangwe, ziwa halikufika, lakini hakuna kitalu cha mboga kilichopona.

Jedidah, mama wa boma moja huko, alikuwa ametengeneza vitalu viwili vya kabichi. Cha kwanza kilisombwa na maji. Cha pili kilipigwa na mvua ya mawe, siku ileile miche ilipotoa jani la pili. Jedidah alisimama mlangoni akatazama matope. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika boma zima:

"Basi. Mtu mwingine asitie mbegu hapa mpaka nianze mimi."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Katika boma la Wajaluo, mama wa boma ndiye anayetoa mbegu kwanza. Wake wa wanawe hufuata nyuma yake. Desturi hiyo huitwa golo kodhi. Anayemtangulia mama wa boma huambiwa atapata chira, yaani ule ukondefu usiosikia dawa.

Monicah alisikia maneno yale akiwa nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka kwa Jedidah. Alikuwa mke wa Nicanor, mwana wa Jedidah. Nicanor alikuwa kisiwani Takawiri akivua ngege, na alirudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi Monicah alibaki na mtoto wake Elijah, na mawazo yake.

Siku zile alikuwa na wazo moja tu. Alikuwa na mbegu za kabichi alizopewa na mtawa mmoja wa misheni ya Asumbi, kwao alikozaliwa. "Zitunze," mtawa alimwambia. "Nyingine sitapata mpaka mwakani." Monicah alizifunga kwenye karatasi akazichomeka darini. Jumatatu moja asubuhi aliona paa linavuja, na karatasi imelowa chapachapa.

Mbegu iliyolowa haingoji ruhusa ya mtu. Usipoipanda, inaoza. Monicah alihangaika, akatoka nje, akarudi ndani. Mwishowe alichukua nusu ya debe, akajaza udongo, akazitia mbegu zote. Kisha akalisukuma debe chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, mahali ambapo mama mkwe asingeweza kuliona.

Siku ya nne mbegu ziliota. Monicah alifurahi sana. Miche ilikwenda mbio. Siku ya nane ilikuwa na urefu wa kidole, na hapo furaha yake ikaisha. Mashina yalikuwa meupe na membamba kama uzi. Majani yake yalikuwa ya manjano. Miche mingine ilikuwa imelala juu ya wenzake kama walevi.

"Imekonda," Monicah alinong'ona. Alimchukua Elijah, akamshika mkono, akaubana kidogo kuona kama na yeye amekonda. Elijah alikuwa mnene vilevile, na alikasirika kubanwa.

Monicah alijaribu kuweka koroboi chini ya kitanda. Moshi ulimkohoza mtoto na miche haikubadilika hata kidogo. Ndipo akang'oa mche mmoja, akaufunga kwenye pindo la leso, akabeba mahindi yake kwenda kusaga.

Mashine ya kusaga ilikuwa ya Mzee Dahir, mfanyabiashara wa sokoni. Ilisimama ng'ambo ya ua wa minyaa, karibu kabisa na nyumba ya Monicah. Injini yake ilisaga unga na pia ilizungusha mtambo mdogo wa stima wa kuwasha taa za stoo. Fundi wake aliitwa Bichage, Mkuria wa Migori. Yeye na Monicah walizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

"Fundi," Monicah alisema, "kitu kikikua haraka halafu kikonde, kiwe cheupe, ni ugonjwa gani?"

"Kitu gani, Mama Elijah?"

"Kitu tu."

Bichage alifuta mikono yake kwa tambara. "Hicho kitu kiko wapi?"

Monicah alifungua pindo la leso. Bichage aliuchukua ule mche, akautazama, akacheka.

"Hii uliificha wapi? Chini ya kitanda?"

Monicah alitamani ardhi immeze. "Nani amekuambia?"

"Mche wenyewe umeniambia. Hii haina ugonjwa. Iko na njaa."

"Njaa? Nimeipa udongo wa zizini. Nimeipa maji."

"Njaa ya mwanga, mama. Majani hupika chakula chake kwa mwanga. Mche ukikosa mwanga unarefuka, unautafuta. Nguvu yote inaishia kwa shingo. Hujaona?"

"Niliwasha koroboi."

"Koroboi inakutosha wewe kuona sahani. Majani hayashibi hiyo. Na moto chini ya kitanda, Mama Elijah, usirudie tena."

Monicah aliuchukua tena ule mche, akaufunga kwenye leso. Ndani yake kitu kilianza kulegea. Kumbe si chira. Lakini mvua ilikuwa bado inapiga bati la mashine, na mche mwembamba namna ile usingedumu nje hata asubuhi moja.

"Sasa nifanye nini?"

Bichage alimwonyesha taa ndefu nyeupe iliyokuwa imening'inia stoo. "Unaona hii tyubu? Kabla ya kuja hapa, nilikuwa fundi wa stima kule Kericho, kwa shamba la utafiti. Miche ilikuzwa ndani ya nyumba, chini ya tyubu kama hizi. Hapa ziko mbili na tunatumia moja. Nyumba yako iko hapo tu. Nitapitisha waya juu ya nguzo, iingie kwako. Mashine ikisaga, miche yako inakula."

"Mzee Dahir atakubali?"

Mzee Dahir alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Asiya, mkewe, alikuwa amemchosha kwa kumuulizia mboga. "Mkifaulu, mtamwekea Asiya miche kumi," alisema. "Nami nipate kula kwa amani."

Lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililomtoa Monicah jasho. Waya haifichiki. Taa ya stima katika nyumba pekee ya kijiji yenye stima ingeonekana na kila mtu, na Jedidah angekuwa wa kwanza kuuliza. Monicah angeweza kuiacha miche ife na siri ibaki siri. Au angeweza kusema. Aliweka unga nyumbani, akamfunga Elijah mgongoni, akaenda.

Alimkuta Jedidah akipepeta mtama.

"Mama, nimekukosea."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja chombo. Nimetia mbegu kabla yako. Mbegu za Asumbi zilikuwa zimelowa. Nimezitia kwenye debe, nikazificha chini ya kitanda. Na sasa miche imekonda, na nimeogopa sana, mama."

Ungo ulitulia magotini pa Jedidah.

"Siku gani, nyar Asumbi?" Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Asumbi.

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Asubuhi."

Jedidah aliweka ungo chini. Aliinuka polepole, akaingia chumbani. Monicah alisikia kitu kinakokotwa sakafuni. Jedidah alirudi amekumbatia chungu kilichovunjika mdomo. Ndani yake mlikuwa na udongo, na juu ya udongo ililala miche ya kabichi, myembamba, meupe mashina yake, ya manjano majani yake.

"Mimi nilitia Jumamosi," alisema.

Monicah aliinama akaitazama miche ile.

"Vitalu viwili vimekufa watu wakiona," Jedidah aliendelea. "Hiki cha tatu nikakificha. Kikifa, niaibike peke yangu. Kila siku nakitazama na kusema, Jedidah, mikono yako imezeeka, haioteshi tena." Alitazama chungu, kisha akamtazama mkwewe. "Kwa hiyo hukunitangulia. Umechelewa siku mbili."

Monicah alicheka na kulia kwa pamoja. Mzigo wa siku zote zile ulimtoka mabegani, akaketi chini kando ya chungu. Jedidah naye alianza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akajifuta macho kwa kitambaa. Elijah aliamka mgongoni akawatazama wote wawili kwa mshangao.

Kesho yake Bichage alivuta waya juu ya nguzo mbili ndefu, mbali na mikono ya watoto. Alisimamisha tyubu juu ya meza ya Monicah, imefungwa kwa kamba kwenye boriti. Debe na chungu viliwekwa chini yake. Bichage aliishusha taa mpaka ikawa shubiri moja juu ya majani.

"Karibu hivyo?" Jedidah aliuliza. "Jua liko mbali na linatosha."

"Jua ni tajiri, mama. Tyubu ni maskini. Ukiiweka juu kule, mwanga unaishia njiani."

"Haitachoma majani?"

"Weka mkono. Unaona? Haina moto mwingi. Ile balbu ya mviringo ndiyo ingechoma. Miche ikikua, mnavuta kamba, taa inapanda nayo. Iwe shubiri moja juu ya majani siku zote."

Aliwaambia wasiguse waya wala taa kwa mikono iliyolowa. Aliwatobolea debe na chungu matundu chini, maji ya ziada yatoke. Alisimamisha kipande cha bati jipya nyuma ya meza ili mwanga urudi kwenye majani.

"Na maji?" Monicah aliuliza.

"Tia kidole. Udongo ukishika kidole, acha. Ukikauka, nyunyizia. Maji mengi yanaozesha shingo. Na hii mirefu, ongezeni udongo mpaka karibu na majani, isimame."

"Usiku je?"

"Usiku ilale kama sisi. Kule Kericho tuliwasha kwa muda wa saa kumi na nne. Hapa injini inafanya kazi kwa saa kumi tu. Kwa hivyo asubuhi kabla sijawasha, isogezeni mlangoni. Jioni vilevile."

Miche kadhaa ilikufa, ile iliyokuwa imechoka kabisa. Iliyobaki ilianza kugeuka. Siku ya tatu manjano yalipungua. Baada ya wiki mbili mashina yalikuwa imara, manene, na majani yalikuwa ya kijani kibichi. Jedidah alikuja kila asubuhi mara injini iliponguruma. Alisema amekuja kumwona mjukuu, lakini alianzia mezani.

Mvua ilipopungua, Bichage aliwazuia tena. "Msiitoe moja kwa moja. Imezoea ndani. Leo muda wa saa moja kivulini, kesho wa saa mbili, mzidishe hivyo wiki nzima. Ijue upepo, ijue jua."

Siku ya kupanda ilifika. Jedidah alishika jembe akafungua shimo la kwanza, kama ilivyompasa. Monicah alimsogezea chungu chenye mdomo uliovunjika. Jedidah alikisukuma pembeni kwa mguu. Alinyoosha mkono akachukua mche kutoka kwenye debe la Monicah, akauzika mpaka karibu na majani, akaushindilia udongo kwa viganja vyote viwili.

"Endelea," alisema.

Kabichi zilifunga vizuri. Asiya alipata miche yake kumi, na Mzee Dahir akapata amani yake. Nicanor alirudi kutoka Takawiri na samaki, akakuta mboga zinamngoja.

Msimu uliofuata wingu lilitanda tena. Asubuhi moja Monicah alikuwa anafagia aliposikia sauti kutoka mlangoni kwa Jedidah, ya kusikika boma zima:

"Nyar Asumbi! Mimi nimeshatia zangu. Tia zako."

Monicah aliweka debe mezani, chini ya taa, akafungua mlango wote.