Skana Isiyo na Dereva

Duka lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Huyu anataka kopi, yule picha za pasi, mwingine anagombana na printa kama anagombana na mke mwenza. Katika msukumano huo mtu akampiga kiwiko Sindano, mshonaji wa mtaani, kopo la biskuti alilolikumbatia likamponyoka, likagonga sakafu na kifuniko kikaruka. Harufu kali ya siki ikatapakaa.

"Jamani, nani kamwaga achari humu?" mzee mmoja akauliza, na foleni nzima ikacheka.

Sindano akapiga magoti kuokota. Alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, kiuno kimekaa pale kinapotakiwa kukaa, na uso ameupaka poda nzito kama kawaida yake. Mkono wa mtu mwingine ukamtangulia kwenye kopo.

"Usiiguse kwa vidole," mwanamume akasema taratibu. "Hiyo si achari, dada. Ni filamu, na inakufa."

Mwenye mkono huo alikuwa fundi wa picha, mwenye duka. Mrefu, mpole, shati la mistari kalifunga vibaya, kifungo kimoja kimeruka tundu lake. Mshonaji haoni kitu kama hicho akanyamaza.

"Shati lako limepinda," Sindano akamwambia. "Inakufa vipi?"

"Filamu ya zamani ikianza kunuka siki hujikunja, husinyaa, mwisho picha inapotea. Haingoji mtu. Ni nani yumo humu?"

"Mama yangu. Sijawahi kumwona."

Hayo hakuyasema kutafuta huruma. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, na picha zote zilipotea katika hamahama za familia. Kilichobaki ni kipande hicho cha negativu, alichokitunza mama mdogo aliyemlea. Tangu utoto aliambiwa jambo moja: wewe umemtoa mama yako, vidoa na vyote. Vidoa vyenyewe vilikuwa vyeusi, vidogo, vimetawanyika chini ya macho yake. Mchumba wake wa zamani aliwahi kumletea krimu ya kuvifuta, eti wapendeze kwenye picha za harusi. Mchumba alikwenda zake, poda ikabaki. Sasa Sindano alitaka kuona kwa macho yake kama kweli kuna mtu duniani aliyewahi kuwa na uso huo.

"Skana ya filamu ninayo," fundi alisema, akiivuta kutoka chini ya meza na kuipangusa. "Shida ni moja. Haina draiva."

"Dereva? Kwani inakwenda wapi?"

"Draiva, mama. Programu ya kuifanya kompyuta ielewane na skana. Walioitengeneza waliiacha zamani, na kompyuta yangu mpya haiitambui kabisa."

"Basi itafutie dereva. Tena awe na leseni."

Akacheka mpaka wateja wakageuka. Kuanzia hapo Sindano akawa anapitia dukani kila akifunga cherehani yake. Fundi alishusha draiva hii mtandaoni, akaifuta, akashusha nyingine, kompyuta ikagoma, akaizima, akaiwasha. Wasipokuwa pamoja walipigiana simu.

"Fundi wangu wa nguo, umekula?"

"Nimekula. Dereva amepatikana?"

"Amepatikana, kalala njiani."

Siku moja feni iliharibika, joto likaiyeyusha poda. Sindano akageuka haraka kutafuta kitambaa, lakini fundi alikwishaona.

"Hivi vizuri hivi unavifichia nini?"

"Acha utani."

"Natania nini? Mimi kazi yangu ni kutazama nyuso, mpenzi. Huo wako usiuguse."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita mpenzi. Kesho yake Sindano alitoka nyumbani bila poda.

Hatimaye fundi akaazima kompyuta kuukuu ya shemeji yake, mume wa dada yake. Draiva ikakubali, skana ikanguruma. Akampigia simu.

"Njoo, mpenzi. Mama yako yuko hapa."

Sindano aliacha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, akaenda. Akapewa picha iliyochapwa. Mwanamke kijana, nywele fupi, gauni la kola. Uso laini kama yai lililomenywa. Hapakuwa na kidoa hata kimoja.

Akaitazama mpaka fundi akaanza kuogopa.

"Umevifuta."

"Nimefuta nini?"

"Vidoa vyake. Umemsafisha."

"Sijagusa kitu, naapa. Imetoka hivyo hivyo." Kisha, kwa kutaka kumtuliza, akaongeza neno ambalo heri angelimeza. "Labda mama hakuwa navyo."

"Kwa hiyo mama mdogo aliyenilea ni mwongo? Kumbe wewe ni yule yule mwenye krimu, ila una maneno matamu. Nipe kopo langu."

Hasira hasara, kila mtu anaijua methali hiyo, lakini nani huikumbuka akiwa amevimba? Sindano akaondoka na filamu, na picha akaikunja mkobani. Usiku ule akamuuliza mama mdogo, naye akashangaa swali.

"Hakuwa navyo? Mwanangu, dada yangu alikuzidi. Kimoja kilikaa hapa kwenye kona ya jicho, kama chako."

Basi, hukumu imeshapita. Simu ya fundi ikaita na kuita, siku nenda siku rudi. Sindano alipochoka kuisikia, akapokea.

"Nisikilize tu, usikate," fundi akasema. "Shemeji ameiuza ile kompyuta. Mnunuzi anaichukua Jumamosi mchana. Ikiondoka hiyo, skana imekufa, na filamu yako haina mwezi. Niletee nijaribu tena. Baada ya hapo unichukie utakavyo."

"Mara ya kwanza umempaka mama yangu poda. Mara ya pili utampaka na rangi ya mdomo?"

Akakata, kisha akalia mpaka mwisho wa uzi kwenye bobini ya cherehani haukuonekana. Alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumamosi ile alikaa kibarazani akipunguza gauni la marehemu mama yake, zawadi ya mama mdogo. Gauni jeupe, lenye nukta nyeusi ndogo kama ufuta. Kola yake ilishonwa kwa haraka, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Hiyo kola aliwahi kuiona. Akatoa picha mkobani, akaikunjua magotini.

Kola ni ile ile, imepinda pale pale. Gauni ni hilo hilo. Ila kwenye picha lilikuwa jeupe tupu, bila nukta hata moja.

Mtu anayetaka kumrembesha mwanamke atafuta vidoa vya uso. Nani atahangaika kufuta nukta za gauni?

Akanyakua kopo, gauni na picha, akakimbia na sindano ikining'inia kifuani kwa uzi. Simu sikioni.

"Fundi, kompyuta bado ipo?"

"Mnunuzi yuko hapa mlangoni."

"Mzuie. Mwimbie, mchezee ngoma, mzuie tu."

Mnunuzi alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, mkoba kwapani. "Mimi nimekuja kuchukua kompyuta," alisema, "sikuja kutazama sinema." Lakini alipomwona Sindano anavyohema, akajibanza pembeni mwa mlango.

Sindano akalitandaza gauni juu ya meza, na picha kando yake. Fundi akatazama hili, akatazama ile, akajishika kichwa. Akafungua mipangilio ya skana, akateremka nayo mpaka chini kabisa.

"Hii hapa. Ondoa vumbi na mikwaruzo. Nilipoiweka draiva upya, alama hii ya tiki ilijiweka yenyewe. Filamu ya rangi inaisafisha vizuri, lakini hii ya nyeusi na nyeupe inaichanganya. Kila kidoa inadhani ni vumbi."

"Na wewe hukuangalia."

"Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kukuona umefurahi. Nisamehe."

"Nami nilikuhukumu bila kukusikiliza. Tutasameheana baadaye, iingize."

Kuiingiza ndiko kulikokuwa na kazi. Filamu ilikuwa imejikunja zaidi ya mwanzo, imekauka kama ganda la kitunguu. "Ikikwama itakatika," fundi alinong'ona, "na hatutaiunga." Jasho lilimtiririka. Sindano akamwondoa vidole kwa upole, maana yeye mikono yake imezoea hariri. Akailaza kwenye fremu, akaibana upande huu, akaibana ule. Ikalia kidogo. Ikakaa.

Fundi akaiondoa tiki. Akabonyeza.

Taa ya skana ikaanza kutambaa. Mstari kwa mstari, picha ikashuka kwenye kioo cha kompyuta: nywele, paji la uso, nyusi. Mashine ikasita. "Usinifanyie hivyo," fundi akaiambia. Ikaendelea. Yakaja macho. Na kwenye kona ya jicho, mahali pale pale, kikaja kidoa. Kisha viwili, kisha vingi, vimetapakaa mashavuni kama vilivyotaka vyenyewe. Chini yake, gauni na nukta zake zote.

Sindano akagusa shavu lake, halafu akagusa kioo. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Aliona aibu kidogo, lakini hakujua mtu husema nini kingine akikutana na mamaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikaitika nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwalimu mstaafu, amesimama mlangoni, akidhani hatimaye wamekumbuka adabu.

Fundi hakucheka. Alisogea, akainama mbele ya kompyuta, shati lake limepinda vile vile.

"Shikamoo, mama."

"Wewe unamwamkia kama nani?" Sindano akamuuliza.

"Kama mkwe. Akinikubali."

Sindano akamgeuza amtazame, akaanza kumfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, na kuvifunga upya kila kimoja kwenye tundu lake.

"Huwezi kwenda kwa mama mdogo ukiwa hivi," akasema.