Mume wa Rosa Yu Hai

Asubuhi za Mbinga ni za baridi, na ifikapo Juni baridi huzidi. Hata hivyo, kila Lusia alipoamka kuchota maji ya kunawa, alimkuta shangazi yake Aurelia amekwisha kujifunga kitenge mabegani na kuketi mbele ya kompyuta, kikombe cha kahawa kikiwa pembeni. Lusia alikuwa darasa la sita. Aliishi na shangazi huyo ili awe karibu na shule.

Aurelia alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Hakuajiriwa na mtu. Leo aliandika makala ya gazeti, kesho mchezo wa redio kuhusu malaria, keshokutwa kijitabu cha wakulima wa kahawa. Kazi moja ikiisha, alitafuta nyingine. Jirani yao mmoja hakumwelewa kabisa. "Shangazi yako hana kazi," alimwambia Lusia. "Kutwa yumo ndani." Lakini Lusia alimwona shangazi akifuta ukurasa mzima na kuuanza upya, na alitamani siku moja naye aifanye kazi hiyo. Insha zake mwenyewe zilisomwa mbele ya darasa. Aliamini kuwa kuandika ni kuwa na maneno matamu, basi.

Shule ilipofungwa, Aurelia alikuwa na kazi mbili mkononi. Mchezo wa redio ulitakiwa haraka. Wakati huohuo bwana Stanslaus, mhariri wa jarida la wakulima na wavuvi huko Songea, alingoja makala kuhusu Rosa wa Lundo. Mama huyo aliwakausha usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, juu ya chanja za miti badala ya kuwaanika mchangani. Aurelia alikwisha kuzungumza naye kwa simu. Palibaki pengo moja tu.

"Lusia, si unakwenda kwa bibi yako Lundo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nenda kwa mama Rosa umuulize ni nini kilimfanya aache kuanika mchangani. Simu ilikatika kabla hajanieleza. Msikilize, usimkatize. Kisha nitumie maneno yake kwa simu ya bibi."

Lundo kulikuwa na joto, na ziwa lilikuwa tulivu. Jacqueline, binamu yake, alimvuta wakaogelee. Kesho yake wakaogelea tena. Nyumba ya Rosa ilikuwa ng'ambo ya ufuko, na kuifikia kulihitaji kutembea juani. Shangazi alipopiga simu kukumbusha, Lusia alijibu, "Nimekwisha kwenda, shangazi. Natuma sasa hivi."

Akaketi kivulini akabuni. Hakuwahi kumwona mume wa Rosa, kwa hiyo akaandika: "Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha kujenga chanja. Kila ninapogeuza usipa, namkumbuka." Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akayapenda, akayatuma. Aurelia, aliyekuwa akikimbizana na mchezo wa redio, aliyaingiza katika makala na kuituma Songea.

Stanslaus alikuwa na desturi ya kuwapigia watu simu kabla ya kuchapisha habari zao. Alimpigia Rosa, akamsomea. Rosa alisikiliza hadi mwisho, kisha akampigia Aurelia.

"Dada, mume wangu Ignatio yuko hapa anakunywa uji. Nani amemzika?"

Kesho yake Aurelia alishuka Lundo. Alimkuta Lusia akianika nguo za bibi.

"Ulikwenda kwa mama Rosa?"

Lusia aliinamisha kichwa. "Sikwenda, shangazi."

Aurelia hakupiga kelele. "Bwana Stanslaus ameiondoa makala," alisema. "Hajui kama atanipa kazi tena. Nimemwambia kosa ni langu, kwa kuwa jina lililo juu ya makala ni langu. Sasa vaa kandambili zako twende."

Walimkuta mzee Ignatio nje ya nyumba, akishona wavu.

"Shikamoo, baba," Lusia alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Leo unamwamkia marehemu?"

Hakuna aliyecheka. Rosa alitoka ndani akijifuta mikono. "Mama mkwe wangu yuko kijiji cha Mbaha," alisema. "Ni mzee, na moyo wake ni mgonjwa. Angesikia kwa watu kwamba mwanawe amefariki, ungemrudishia nini?"

Lusia alianza kulia. "Sikulifikiria hilo, mama. Nisameheni."

Ignatio aliuweka wavu kando. "Tumekusamehe. Lakini ulichotumwa kuuliza, bado hujakiuliza."

Rosa alimwita kwenye chanja. Waligeuza usipa pamoja, jua likiwachoma migongo, na Lusia akauliza. Safari hii alingoja jibu.

"Nilikuwa naanika mchangani kama wenzangu," Rosa alisema. "Siku moja nilipeleka mzigo sokoni Mbinga. Mteja akaonja usipa mmoja, akamtema mbele za watu. 'Mama, unauza samaki au mchanga?' Nikaona aibu, nikafunga mzigo wangu nikarudi. Nilipotaka kujenga chanja, huyu bwana alinicheka. Alisema chanja ni za vyombo. Ya kwanza niliijenga mwenyewe."

Ignatio alikohoa. "Andika na hilo," alisema. "Ni kweli."

Lusia aliandika, kisha akamsomea Rosa yote.

"Hapo umesema nililia," Rosa alisema. "Sikulia. Niliona aibu. Futa."

Akafuta.

Aurelia alituma makala mpya pamoja na maelezo ya yote yaliyotokea. Wiki kadhaa zilipita bila jibu. Katika muda huo alimaliza mchezo wa redio, na kazi nyingine ilipokuja aliikataa, akisema hataweza kuifanya vizuri. Hatimaye Stanslaus alipiga simu. Alikuwa amezungumza na Rosa, naye amethibitisha kwamba kila neno ni lake. Angechapisha. Tena alitaka makala nyingine, kuhusu wakulima wa Mpepai.

Jioni hiyo Lusia aliuliza, "Shangazi, kwa nini hukumwambia tangu mwanzo kwamba mimi ndiye niliyekosa?"

"Kwa sababu nami nilikosa. Nilipokea kazi zaidi ya uwezo wangu, nikatuma nisichokihakiki. Sikiliza, mwanangu. Mwandishi wa kujitegemea hana ofisi ya kujificha nyuma yake. Maneno matamu yanaweza kukupa kazi ya kwanza, lakini ya pili na zote zinazofuata utazipata kwa kuaminiwa. Na raha ya kazi hii ni pale mtu anaposoma habari zake na kusema, 'Naam, huyu ni mimi.'"

"Naweza kwenda nawe Mpepai?"

"Utakuja," Aurelia alisema. "Lakini tutatembea nyumba kwa nyumba, na jua litakuwa kali."

"Nitatembea, shangazi."