Maksai Hufunguliwa Nira, Ngassa Je?

Ngassa alikuwa fundi wa mashine ya kukamua mafuta ya pamba mjini Bariadi. Aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku. Jumapili? Alikwenda pia. Mkewe, Nyanjige, alijivuna.

"Mume wangu ni chuma," aliwaambia majirani.

Jumapili moja alfajiri, Ngassa alikuwa akinywa uji. Kikombe kikamponyoka. Mdomo ukapinda upande. Alijaribu kusema, ulimi ukawa mzito kama wa mlevi.

Nyanjige akapiga yowe. Jamani! Mtu wa miaka thelathini na minane anashindwa kushika kikombe!

"Karogwa huyu!" akasema Mboje, kaka yake Ngassa. "Kazini wanamwonea wivu. Tumpeleke kwa mganga, Lalago."

Jirani yao Klementina, muuguzi, aliingia mbio.

"Mganga wa nini? Hiki ni kiharusi! Damu haifiki vizuri kwenye ubongo. Mkichelewa, atapooza au atakufa. Hospitali, sasa hivi!"

Nyanjige alimshika mumewe kwapani. "Twende hospitali," akasema.

Walimwahisha hospitali. Siku ya tatu Ngassa alizungumza, ila mkono wa kulia ulikuwa bado dhaifu. Presha yake ilikuwa juu mno.

"Hanywi pombe, havuti sigara," Nyanjige alilia. "Presha kaitoa wapi?"

"Kwa siku anafanya kazi saa ngapi?" Klementina aliuliza.

"Kumi na nne. Siku zote saba."

Klementina alishika kichwa. "Tisini na nane kwa wiki! Mayu, mama yangu, sheria inasema saa za kawaida zisizidi arobaini na tano. Anayefikisha hamsini na tano na kuendelea anajiongezea hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Halali vya kutosha, presha inapanda kimyakimya. Yeye anajiona mzima."

Nyanjige alimtazama mumewe. Loo! Kumbe alikuwa akimsifu mumewe huku mume mwenyewe anaangamia.

Mwenye mashine, Hamimu, alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Pole sana, mama. Lakini mwenyewe aliipenda kazi."

"Na wewe ukamwacha?" Nyanjige alifoka. "Sisi maksai tunawafungua nira saa nne, jua likianza kuwaka. Ng'ombe, bosi! Mume wangu nani alimfungua?"

Hamimu aliinamisha kichwa. "Nimekosa," akasema.

Wiki iliyofuata alimwajiri fundi wa pili, Thomasi, ili wafanye kazi kwa zamu za saa nane. Kila mfanyakazi alipewa siku ya kupumzika. Klementina akaja kuwapima presha wote. Ya Hamimu mwenyewe ilikutwa juu! Siku hizi naye hufunga mapema.

Baada ya miezi minne Ngassa alirudi kazini. Dawa zake anazimeza kila siku. Jumapili moja Mboje alimkuta nyumbani, akamtania.

"Chuma kimelala leo?"

"Nimefunguliwa nira," Ngassa alijibu, akacheka.

Akainua kikombe cha uji kwa mkono wa kulia. Ulitetemeka kidogo. Nyanjige aliutazama mpaka kikombe kilipotua mezani.