Mshono wa Sikio la Soli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherehani alifagia kibaraza na kumtilia mbwa maji safi kwenye bakuli. Shuleni aliitwa jina jingine kabisa, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Babu yake ndiye aliyempa jina la Cherehani, kwa sababu mdomo wake ukishaanza haukomi mpaka uzi ukatike. Babu alikuwa fundi viatu, na hata utani wake ulinukia gundi na ngozi.

Sasa Babu hakuwepo tena. Kigoda chake kilikuwa palepale kwenye kona ya kibaraza, na sanduku lake la vifaa lilikaa chini ya meza, limefungwa. Bibi hakuruhusu mtu kuligusa, wala yeye mwenyewe hakuligusa. Soli tu, mbwa wa Babu, ndiye aliyelala hapo mchana kutwa, pua yake ikielekea kwenye kigoda.

"Jumapili ndugu wote watakuja kumkumbuka babu yako," Bibi alimwambia siku moja wakichambua maharagwe, "na ukutani hatuna hata picha yake."

"Ile ya kitambulisho je, Bibi? Si tuipeleke ikakuzwe?"

"Ile? Yule si mume wangu. Yule ni mtu anayesubiri kung'olewa jino." Bibi alitupa jiwe alilolitoa kwenye maharagwe. "Nichoree Soli. Wale wawili walikuwa pete na kidole. Nikimwona Soli ukutani, nitamwona na mwenzake."

Cherehani alijawa na furaha. Kushika brashi alikuwa amefundishwa na shangazi yake, mchoraji wa mabango ya maduka, na mara nyingi akitoka shule alipitia kwenye karakana yake. Shangazi alimpa ubao mmoja laini na makopo ya rangi zilizobaki.

Kumbe kazi haikuwa rahisi kama alivyodhani. Soli hakutulia. Akikaa, nzi anapita, naye anainuka kumfukuza. Akilala, anauficha uso. Isitoshe, sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjamana, lina kovu la vinundunundu, na kila Cherehani alipojaribu kulichora lilitoka kama jani lililoliwa na wadudu. Alifuta, akachora, akafuta tena. Ilipofika Alhamisi alikuwa amechoka nalo.

Kwenye ukuta wa karakana palining'inia kalenda ya zamani yenye picha ya mbwa aliyeketi wima, manyoya yanang'aa, masikio yote mawili mazima. Cherehani alisubiri Shangazi atoke kwenda kutundika bango. Kisha akaweka karatasi nyembamba juu ya ile picha, akafuatisha mistari, akaihamishia ubaoni na kuipaka rangi ya kahawia kama ya Soli. Jua halijazama, kazi ikawa imekwisha.

"Amependeza," Bibi alisema alipoonyeshwa ule ubao. "Wa nani huyu?"

"Ni Soli, Bibi."

"Alikaa mbele yako ukamchora?"

"Ndiyo, Bibi. Leo alitulia kabisa."

Bibi hakugomba. Alimwita Soli, akalishika lile sikio la kushoto, akasema, "Leta kidole chako hapa."

Cherehani alipapasa vile vinundu. Vilikuwa vimepangana mstari mmoja, kutoka ncha ya sikio mpaka kichwani.

"Soli alipokuwa mdogo alipenya kwenye uzio wa waya, sikio likachanika vipande viwili," Bibi alisema. "Babu yako alichemsha sindano na uzi, akampakata, akamshona huku akimwomba radhi kila tundu. Daktari wa mifugo alipokuja kulitazama alicheka sana, akasema huo ni mshono wa kiatu. Lakini sikio likapona. Viatu vyote alivyovishona babu yako vimechakaa miguuni mwa watu. Mshono wake uliobaki ni huu. Huyo wako hana."

Akaingia ndani. Cherehani alibaki na ubao wake magotini, na machozi yakamtoka. Alimpenda Babu, na kazi pekee ya mikono yake iliyobaki ndiyo aliyoiona mbaya akaiacha.

Asubuhi alimkuta Bibi jikoni.

"Bibi, jana nilikudanganya. Nilifuatisha picha ya kalenda ya Shangazi."

"Najua. Kalenda ile nilimpa mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa nimekukamata. Nilitaka uje mwenyewe, na umekuja. Haya, nenda shule."

Mchana ule Cherehani aliusugua ubao kwa msasa mpaka mbwa wa kalenda akawa vumbi. Lakini Soli alikuwa Soli yuleyule, akae hapa, aende pale. Bibi alisimama mlangoni akiwatazama. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye ile kona, akalifungua sanduku. Alitoa nyundo na kiatu kikuukuu, akaketi kwenye kigoda, akaanza kugonga. Ko, ko, ko.

Soli aliinua kichwa. Akaja polepole, akaketi kando ya kigoda, ametulia, sikio lake la kushoto limeelekea kwenye nyundo, kama alivyokaa miaka yote Babu akiwa kazini. Machozi yalimtiririka Bibi, na huku anacheka.

"Chora," akasema. "Usinitazame mimi."

Jumamosi waliendelea. Shangazi alikuja kuona, akamletea brashi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo. "Mshono hauna haraka," alimwambia. "Maliza tundu moja ndipo uende la pili." Cherehani akafanya hivyo, na kile kiatu kikagongwa mpaka kikawa bapa.

Picha ilipokamilika haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Mguu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake, na mkia ulifanana na ufagio. Bibi aliitundika hivyohivyo.

Jumapili ndugu walikuja. Baba Mkubwa, mtu wa maneno machache ambaye hata siku ya mazishi hakuna aliyeona chozi lake, alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu.

"Huo mshono wa Baba," akasema, akatoa leso. Ndugu wakasogea, huyu akakumbuka hili, yule lile, na nyumba ikajaa habari za Babu kama vile ametoka tu kidogo kwenda dukani.

Bibi alimshika Cherehani begani.

"Ile ya kwanza ilipendeza zaidi, mjukuu wangu," alisema, "lakini alikuwa mbwa wa watu wengine. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo maana ulimaliza kwa jioni moja. Ukimpenda mtu, mkumbuke kwa kweli. Na kazi ikikushinda mahali, usiparuke mahali hapo. Wewe ulishindwa kwenye sikio, na babu yako alikuwa hapo hapo kwenye sikio."

"Ni kweli, Mama," Baba Mkubwa aliitikia, akavuta kiti chake karibu na picha, akakaa.