Tairi za Korido

Taarifa hii inahusu kifo cha kikatili. Msomaji mwenye moyo mwepesi anashauriwa aketi. Mwenye moyo mgumu naye aketi, kwa usawa.

Mwili ulikutwa uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, chini ya ukuta wa tangi la maji. Ulikuwa umelala chali. Mkono wa mbele wa kushoto ulikuwa umekatika. Umajimaji ulikuwa umevuja ubavuni na kuacha doa juu ya saruji, dogo kama kifuniko cha chupa.

Urefu wa marehemu: sentimita arobaini. Uzito: kilo moja na nusu. Lilikuwa gari la mbio la rimoti, bagi ya kukimbilia kwenye vumbi na vilima.

Walioketi wanaweza kusimama.

Inspekta alifika eneo la tukio akiwa amevaa gauni la kulalia na ndala za mwenye nyumba. Alikuwa mpelelezi wa mauaji kwa miaka kumi na tisa. Inasemekana aliwahi kumliza mwizi wa benki kwa kumtazama tu. Alikuja kwa kaka yake kulala usiku mmoja, apumzike.

"Asiguse mtu," alisema.

Hakuna aliyecheka, na sababu ni hii. Gari hilo lilikuwa la mtoto wa kwanza wa nyumba ile, kijana aliyeitwa Rubani na kila mtu, hata na madaktari. Alilijenga na baba yake, fundi wa kukereza vyuma, aliyeichonga mikono ya mbele ya gari kwa kipande cha alumini kwenye mashine yake ya karakana ya nyumbani. Baba alitengeneza, Rubani akaseti. Alikaza springi robo mzunguko kwa robo mzunguko. Alichanganya mwenyewe oili ya kujaza kwenye shokapu. Oili ikiwa nyepesi, gari linarukaruka kama mbuzi. Ikiwa nzito, linakuwa gumu kama kitanda cha bweni.

Rubani alikuwa amefariki miezi minane nyuma, kwa figo. Tangu siku hiyo gari lilikaa juu ya rafu ya karakana, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta hata vumbi la mashindano yake ya mwisho. Baba hakukaza nati wala kulegeza nati. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa.

Jumamosi hiyo, saa nne, klabu ya magari ilikuwa imetenga raundi moja ya kumkumbuka Rubani. Walimwomba baba aendeshe. Akakubali. Lilikuwa jambo la kwanza kukubali kwa miezi minane. Hata viatu alivipiga dawa.

Alipouona mwili pale uani hakupiga kelele. Alirudi ndani, akavua viatu, akafunga mlango.

"Wifi, fanya kitu," mama wa nyumba alimwambia Inspekta. "Asipotoka leo, huyu hatoki tena."

Inspekta alitazama saa. Saa moja kasoro dakika tano.

"Nani aliukuta mwili?"

Aliyeukuta alikuwa Fundi Bomba, mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa mabomba ya maji na kukoroma.

"Nilikuwa nachota maji," alisema. "Nikasikia paa! Nageuka, naona kitu kiko chali kinazungusha miguu."

"Kwa hiyo ulimkuta marehemu yu hai."

"Alikuwa anazunguka, afande. Anavuma kama nyigu."

"Ukachukua hatua gani?"

"Nikamfunika na ndoo."

"Halafu?"

"Nikakaa juu ya ndoo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka akanyamaza."

Inspekta aliandika. Hakutabasamu, na hiyo ndiyo tofauti kati ya afisa wa polisi na watu wengine.

"Ulimwona mtu yeyote?"

"Hakuna. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi tu."

Mama alikiri kuufungua mlango huo, ulio mwisho wa korido, saa kumi na mbili, kupitisha hewa, kisha akaingia bafuni. Maji yalikuwa yakimwagika. Hakusikia kitu.

Ukaja uchunguzi wa kitaalamu. Inspekta alipiga magoti, akaligeuza gari kwa ncha ya kalamu.

Kielelezo cha kwanza: kitufe cha gari kilikuwa bado kimewashwa, na betri ilikuwa ya moto. Kielelezo cha pili: rimoti ilikuwa juu ya rafu ya karakana, mahali pake pa siku zote, nayo ilikuwa imezimwa.

"Hapo pana jambo," alisema Inspekta. Rubani alimfundisha mwenyewe, siku moja ya likizo. Rimoti huwashwa kwanza na huzimwa mwisho. Ukiizima wakati gari bado limewashwa, gari la kizamani kama lile hubaki halina wa kumsikiliza. Basi linatoka mbio zake zote, moja kwa moja, mpaka ligonge kitu.

Ni kosa la mgeni. Hakuna mtu wa mbio anayelifanya mara mbili.

Kielelezo cha tatu ndicho kilichomfanya akae chini kabisa juu ya saruji.

"Wifi, njoo uone. Hizi ni tairi gani?"

Mama alitazama, akashika mdomo.

Hazikuwa tairi za mashindano, zile zenye vipele vya kung'ata udongo. Zilikuwa tairi kuukuu, laini kama kipara. Katika nyumba ile ziliitwa tairi za korido. Kila asubuhi ya mashindano Rubani alilifunga gari tairi hizo, ili lisiache matope kwenye sakafu ya mama yake, akaliendesha kwenye korido mpaka chumbani kwa baba, akagonga mguu wa kitanda mara mbili. Tok, tok. Baba alikuwa akiitika kwa ndani, "Nakuja, Rubani, nakuja," na mbio za siku zikawa zimeanza.

"Aliyezifunga anaijua nyumba hii," alisema Inspekta polepole.

Mwandishi wa taarifa hii, ambaye saa hizo alikuwa amelala fofofo na anaomba hilo lizingatiwe, anaona hapa ndipo upelelezi ulipoanza kuchukua mkondo mbaya.

Watuhumiwa waliitwa kwenye karakana. Kulikuwa na gari jingine bovubovu la mazoezi. Inspekta aliliweka mezani, likiwa limewashwa pamoja na rimoti yake.

"Kila mtu alizime."

Fundi Bomba alilizunguka mara mbili, akauliza ufunguo unaingilia wapi. Akaruhusiwa kwenda.

Mama alizima rimoti kwanza. Gari likachomoka, likaruka kutoka mezani, likaingia kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Mgeni," aliandika Inspekta. "Sasa badilisha tairi, wifi."

"Mimi? Hata ya baiskeli siwezi."

Wa tatu alikuwa binti wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Ni kijana mpole, msikivu, mwenye maadili ya kupigiwa mfano. Habari kwamba ndiye aliyemweka chura kwenye ndoo ya matroni hazijawahi kuthibitishwa.

Binti alizima gari. Kisha akazima rimoti. Akatoa nati nne, akafunga tairi nne, bila kutazama vidole vyake. Sekunde hamsini na tatu.

"Umejifunza wapi?" aliuliza Inspekta.

"Vitabuni, shangazi."

"Kitabu gani?"

"Kilikuwa hakina jalada."

Inspekta alimtazama kwa yale macho ya mwizi wa benki. Halafu, badala ya kuendelea, akasimama na kwenda kugonga mlango wa kaka yake. Binti alimfuata hadi kwenye korido, kwa ajili ya kujifunza sheria tu.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi miguuni, viatu vikiwa kando yake vimepangwa sawasawa.

"Ulisikia nini asubuhi?" aliuliza Inspekta.

"Sikusikia kitu."

"Kaka. Mimi ni askari na pia ni dada yako. Chagua unayetaka kumdanganya."

Baba aligusa kiatu kimoja, akakisogeza.

"Nilisikia mota," alisema. "Korido nzima. Ikaja mpaka hapo mlangoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikaitika."

"Ukasema nini?"

"Unajua nilichosema." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikufikiri, dada. Mdomo uliitika wenyewe. Nikavaa viatu. Nikafungua mlango. Korido tupu."

"Mbona hukusema?"

"Andika ni mimi. Nimelivunja mwenyewe, nilikuwa nalijaribu."

"Wewe huwezi kuzima rimoti kabla ya gari. Hata ukiwa usingizini."

"Basi funga jalada, usiandike kitu."

"Kwa nini?"

Baba aliangalia sakafu, pale ambapo gari lilipaswa kuwa limesimama.

"Ukimpata aliyefanya," alisema, "atakuwa ni mtu tu."

Inspekta hakuandika sentensi hiyo. Alitoka, akaurudisha mlango, akamkuta binti kwenye korido ameegemea ukuta. Alimshika bega, akampeleka mpaka kwenye karakana, akamkalisha juu ya pipa.

"Nina swali moja la kitaalamu," alisema. "Mtu anajua kuchaji betri. Anajua tairi za korido. Anajua kila nati. Mtu huyo anafanyaje kosa la mgeni?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Ya kwenda wapi?"

"Labda aliogopa."

"Aliogopa nini? Hakuna aliyemkamata."

"Labda aliitikiwa."

"Ulikuwa bado kwenye korido baba yako aliponiambia hayo?"

Binti alianza kukwangua kutu ya pipa kwa ukucha.

"Nikuambie kitu," alisema Inspekta. "Naweza kuandika kwamba waya ulishika wenyewe. Nitafunga jalada, na baba yako atabaki na korido yake tupu. Au aliyefanya atakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi sitamburuta mtu."

"Akiambiwa, atakuwa amempoteza tena."

"Inawezekana."

"Sasa shangazi, hilo ni chaguo gani?"

"Ni baya," alisema Inspekta. "Mengi yako hivyo."

Binti alishuka kwenye pipa. Binti alivuka karakana. Binti alisimama mbele ya mlango wa chumba cha baba yake, na binti…

Haya. Ni mimi. Sikuwa nimelala fofofo. Niliamka saa kumi na moja nikachaji betri.

Sikugonga mlango. Niliingia, nikapiga magoti, nikagonga mguu wa kitanda kwa kidole mara mbili.

Baba alishtuka, akaniona.

"Aliyekuita asubuhi ni mimi, baba."

Mimi nimezoea kusomewa makosa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, na huwa nina maneno. Siku hiyo yalitoka bila mpangilio.

"Nilitaka uamke na furaha. Nilitaka iwe kama utani. Nilifika mlangoni, nilikuwa nacheka. Halafu ukaitika. Sijaisikia sauti yako hiyo tangu… Ukasema nakuja, Rubani, nakuja. Nikajua ukifungua utaniona mimi. Uso wako utakavyokuwa, nikauona kabla hujafungua. Nilitaka mota inyamaze tu. Nikazima nilichokuwa nimeshika."

"Rimoti," alisema baba.

"Rimoti."

"Ukakimbia."

"Nilijificha kwenye karakana. Nilikusikia ukisimama kwenye korido. Ulisimama muda mrefu sana, baba."

Alivuta pumzi kwa pua. Mikono yake mikubwa ya mashine ilikuwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Nilisubiri anifukuze.

"Shokapu ya kushoto," alisema hatimaye. "Imepasuka?"

"Imepasuka. Oili yote imemwagika."

"Mkono ule nitauchonga mwingine." Sauti yake ilikatika, akaanza upya. "Ile oili alichanganya mwenyewe wodini. Hakuniandikia. Kila siku nasema nitamuuliza kesho, na kesho tena. Sijui vipimo vyake. Ndiyo maana sikutaka iguswe. Ilikuwa imebaki humo humo tu."

"Sehemu tatu za nzito," nilisema. "Mbili za nyepesi. Halafu unaacha chombo wima mpaka mapovu yaishe, usitikise. Yeye mikono ilikuwa inatetemeka. Mimi ndiye niliyeshika sindano ya kupimia."

Baba aliinua uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kunitazama bila kumtafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Ulijua muda wote huu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, baba."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu anayekohoa, na mimi nikalia kwenye soksi zake. Nje ya mlango Inspekta wa mauaji, miaka kumi na tisa kazini, alipenga kamasi kwenye mkono wa gauni la kulalia. Nina shahidi. Fundi Bomba alikuwa pale, na ndoo yake.

Saa nne ilitukuta kwenye karakana. Mbio zilipita bila sisi. Baba alikuwa amesimama kwenye mashine akikereza mkono mpya, miguuni ana soksi, na mimi nilikuwa nimeshika sindano wima kwenye mwanga, nikihesabu mapovu yakipanda.

"Bado mangapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mawili."

"Usitikise."

"Sitikisi, baba."

Nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli na nimeyatoa kwa hiari yangu. Na chura alikuwa wangu.